Sheria ya Uwanjani na Sheria ya Kisimani

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya bara, mzee mmoja alikuja nyumbani kwangu jioni pamoja na mwanawe. Mkono wa mtoto ulikuwa umetundikwa shingoni kwa kitambaa, maana mtulinga wake ulikuwa umevunjika. Nikamwamkia mzee kwa heshima, nikampa kiti, lakini hakuketi. Akaniuliza neno moja tu: "Mwalimu, wale vijana wako wa jioni, unawafundisha mchezo, au unawafundisha kupigana?"

Siku ile sikuwa na jibu. Tangu hapo nimelifikiri swali lake mara nyingi, nimesoma habari nilizoweza kuzipata, na leo naomba nafasi katika gazeti letu nijaribu kulijibu, maana nadhani walimu wengi wenzangu watakutana nalo, ikiwa hawajakutana nalo bado.

Kwanza nieleze yaliyotokea. Nalikuwa nimekusanya vijana 12, kila Jumanne na Ijumaa baada ya masomo. Tulichimba uwanja mdogo, tukaujaza mchanga wa mtoni, nikawafundisha mieleka. Sheria zetu zilikuwa wazi: mtu asimpige mwenzake usoni, asimpinde kidole, asimwangushe nje ya mchanga, na mwamuzi akisema basi, ni basi. Vijana walizishika sheria hizo vizuri kabisa, hata nikajisifu mbele ya walimu wenzangu. Kisha siku moja pakatokea ugomvi kisimani, habari ya zamu ya kuteka maji. Mmoja wa vijana wangu, mkubwa na hodari kuliko wote, akamkamata mtoto wa mzee huyu, akampiga ngwara ile ile niliyomfundisha mimi, akambwaga juu ya mawe.

Nilipomwita hakuwa na kiburi, alikuwa akitetemeka. Nikamwambia, "Je, umezisahau sheria zetu?" Akanijibu, "Sikuzisahau, Mwalimu. Lakini zile ni sheria za uwanjani. Pale palikuwa kisimani."

Neno la kijana huyu lilinichoma kuliko neno la mzee, kwa sababu lilikuwa kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa sheria zenye mpaka wa mchanga. Alipouvuka mpaka, aliziacha nyuma yake kama mtu aachavyo viatu mlangoni.

Basi, ni nini tofauti kati ya sanaa ya mapigano na mchezo wa mapigano? Watu wengi hudhani jibu ni jepesi. Wengine husema: sanaa imetoka vitani, na mchezo umetoka uwanjani. Lakini tazama upinde, mkuki na upanga. Vyote vilikuwa silaha za kuulia watu, na leo vijana hushindana kulenga shabaha, kutupa mkuki na kuchezeana panga katika Olimpiki, wala hakuna auawaye. Hata pwani yetu, katika kirumbizi, watu wawili huingia kati na fimbo huku ngoma zikilia. Fimbo ni silaha, lakini watazamaji wamekuja kufurahi. Kwa hiyo asili ya kitu haitoshi kutuambia kitu hicho ni nini leo.

Wengine husema: mchezo una zawadi, na sanaa haina. Lakini mabingwa wa kale wa upanga walikula kwa upanga wao, na vijana wangapi hupigana mieleka malishoni bila kupewa hata ganda la muwa? Wengine tena husema sanaa ni ya watu wa Mashariki na mchezo ni wa Wazungu. Hilo nalo halisimami. Ulaya ilikuwa na mabingwa waliofundisha upanga na kuandika vitabu vyake zamani sana, na Japani ina sumo, mieleka yenye watazamaji, washindi na orodha ya vyeo, ambayo watu wake huipenda kama sisi tupendavyo kandanda.

Naona afadhali tuache majina, tumtazame mtu mmoja aliyesimama katikati ya mambo haya mawili. Mtu huyo ni Kano Jigoro wa Japani, naye alikuwa mwalimu wa shule kama sisi.

Kano alizaliwa mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa mwili, na shuleni wenzake wenye nguvu walimwonea. Akatafuta walimu wa jujutsu, ufundi wa zamani wa kupigana bila silaha ambao askari wa kale waliutumia, akajifunza kwa bidii. Zamani zile ufundi huo ulikuwa umeanza kudharauliwa, kwa kuwa nchi ilikuwa ikifuata mambo mapya, na mabingwa wake wengi walikuwa maskini. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 21 tu, Kano alifungua chuo chake mjini Tokyo, ndani ya hekalu moja, akakiita Kodokan. Chumba kilikuwa na mikeka 12, na wanafunzi walikuwa wachache sana.

Mambo mawili aliyoyafanya yanatuhusu. La kwanza ni jina. Katika neno jujutsu, ju maana yake ulaini au kukubali kupindika, na jutsu maana yake ufundi. Kano aliiacha ju, akaiondoa jutsu, akaweka do, yaani njia. Ufundi ni kitu ambacho mtu anacho, kama seremala alivyo na randa. Akimaliza kazi huiweka kando. Njia ni kitu ambacho mtu hukipita, nayo yampeleka mahali. Kwa herufi chache Kano alisema kwamba haulizi tu, "Wajua kumwangusha mtu?" bali auliza pia, "Unakwenda wapi?"

Jambo la pili ni kwamba aliyagawa mafunzo yake. Mapigo ya hatari, yale ya kuvunja na kuumiza, hakuyatupa. Aliyaweka katika kata, yaani mafunzo ya mpango, ambamo kila mmoja ajua mwenzake atafanya nini. Yale yanayoweza kufanywa kwa nguvu zote bila kuleta madhara makubwa aliyaweka katika randori, yaani kushindana huru, kila mtu akijitahidi kumwangusha mwenzake kweli kweli. Tena aliyemtupa mwenzake hufundishwa kuushikilia mkono wa joho lake, ili yule aanguke salama. Mtazame mtu yule: mikono yake yamtupa mwenziwe, na mikono ile ile yamlinda.

Sasa msomaji ataniuliza: randori si mchezo? Naam, ni mchezo, au ni mlango wa mchezo. Wala Kano hakuuogopa. Katika miaka ya 1880 wanafunzi wake walishindana na watu wa vyuo vingine vya jujutsu, na ushindi wao ndio uliokipatia chuo jina. Hapa pana somo kwa wale wapendao kuisifu sanaa na kuudharau mchezo. Bingwa ambaye hajaribiwi kamwe, anayeonyesha mapigo yake kwa wanafunzi wanaojiangusha wenyewe kwa heshima, mwisho hujidanganya na kuwadanganya wengine. Mchezo una ukweli mmoja mkali: mwenzako hataki uanguke wewe kwa adabu, ataka kukuangusha. Hapo majivuno huisha. Wazee wetu walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Na mtu ambaye hajapata kushindwa mbele ya watu hawezi kujua kama yeye ni mshindani au la.

Tena mchezo una wema wake mwingine, nao ni sheria iliyo wazi kwa wote. Zamani Waingereza walipigana ngumi kwa mikono mitupu, na duru haikwisha mpaka mmoja aanguke. Mwaka 1867 zilitangazwa sheria zinazoitwa kwa jina la Marquess of Queensberry: kuvaa glavu, duru ya dakika 3, mapumziko ya dakika 1, na aliyeanguka kupewa sekunde 10 asimame. Sheria hizo hazikumwomba mpiganaji awe mtu mwema. Zilimwambia tu: fanya hivi, usifanye vile. Hata mtu mwenye moyo mbaya aweza kuzitii, na mpinzani wake akarudi nyumbani mzima. Hilo si jambo dogo, maana ulimwengu hauwezi kungoja mpaka watu wote wawe wema ndipo wakae salama.

Lakini kila kitu kina gharama yake. Mchezo huchukua katika sanaa kile kinachoweza kuhesabiwa, na kisichohesabika hukiacha. Judo iliingia katika Olimpiki mwaka 1964 huko Tokyo, na tangu hapo imezidi kutengenezwa ili mwamuzi apate kuhukumu na mtazamaji apate kuelewa. Mwaka 2010 wakuu wa mashindano ya dunia walianza kukataza kumkamata mpinzani miguu kwa mikono wakati wa kusimama, na mwaka 2013 wakakaza katazo hilo zaidi. Walikuwa na sababu zao, maana washindani walikuwa wakiinama na kuviziana miguu kama wana mieleka. Lakini kijana anayejifunza kwa ajili ya mashindano tu ana haja gani sasa ya kujifunza mitupo ile ya zamani? Hivyo sheria ya mchezo huingia mpaka chumba cha mafunzo, ikaamua kitu gani kikumbukwe na kitu gani kisahauliwe. Kano mwenyewe aliliona jambo hili mbele. Alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya Olimpiki tangu mwaka 1909, aliipenda michezo, wala hakuwa adui yake. Hata hivyo mwaka 1936, alipozungumza na Koizumi aliyefundisha judo London, alionyesha kwamba hana hamu kubwa ya kuiona judo katika Olimpiki, kwa kuwa kwake yeye haikuwa mchezo tu, ilikuwa kanuni ya maisha.

Wengine wakisoma hapa watasema, "Basi jibu limepatikana. Mchezo hutengeneza washindi, na sanaa hutengeneza watu wema." Nami nalikuwa nikielekea huko, lakini habari za Japani yenyewe zilinizuia. Mwaka 1931 judo na kendo, yaani ufundi wa upanga, ziliwekwa kuwa masomo ya lazima katika shule za kati za wavulana. Katika miaka ile serikali ilikuwa ikiwaandaa vijana kwa vita, na maneno mazuri ya njia, utii na kujinyima yalitumika kuwapeleka huko. Vita vilipokwisha mwaka 1945 masomo hayo yalipigwa marufuku shuleni, na judo ilirudishwa mwaka 1950. Kano alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1938, melini, akirudi kwao kutoka mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo. Alikuwa amefundisha maneno mawili makuu: kuitumia nguvu kwa njia iliyo bora, na heri ya nafsi pamoja na heri ya wengine. Lakini neno jema mdomoni mwa mwalimu si kinga. Sanaa yenye maneno ya wema yaweza kumtengeneza mtu mbaya, na mchezo usio na maneno hayo waweza kumtengeneza mtu muungwana.

Kwa hiyo tofauti si ya majina, wala si ya nchi, wala si ya wema na ubaya. Ni nini basi? Nitatoa mifano miwili, kisha niseme nionavyo.

Mfano wa kwanza ni wa Oktoba 1964, Tokyo. Katika judo ya wazi, ambayo mtu wa uzito wowote aweza kuingia, Mholanzi Anton Geesink alikutana na Kaminaga Akio wa Japani. Taifa zima la Japani lilikuwa likitazama, maana judo ilikuwa yao. Geesink, mtu mrefu na mzito, akambana Kaminaga chini, na muda uliowekwa ukaisha akiwa bado amemshika. Alikuwa ameshinda. Waholanzi wenzake wakaruka kwa furaha, wakataka kukimbilia mkekani kumkumbatia. Geesink akauinua mkono wake kuwazuia. Hakutaka furaha yao imkanyage aliyeshindwa mbele ya watu wake. Ndipo wakainamiana kwa heshima kama ilivyo desturi.

Angalieni sana, ndugu zangu. Hapakuwa na sheria ya mashindano iliyomlazimisha kuinua mkono ule. Hapakuwa na alama ya kupata wala ya kupoteza. Kazi ya mwamuzi ilikuwa imekwisha, na mchezo ulikuwa umekwisha. Lakini kuna kitu ndani ya Geesink kilichokuwa hakijakwisha.

Mfano wa pili ni wa Agosti 2021, Tokyo tena, katika karate. Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa akiongoza kwa alama 4 kwa 1 juu ya Sajad Ganjzadeh wa Irani, nishani ya dhahabu ikiwa karibu kabisa. Akampiga teke la kichwa, Ganjzadeh akaanguka akazimia, akachukuliwa kwa machela. Waamuzi wakamwondoa Hamedi katika shindano, kwa kuwa katika karate ile pigo la kichwa sharti lizuiwe lisiumize, na dhahabu akapewa yule aliyezimia. Watu wengi walicheka: mshindi amelala, na aliyesimama ameshindwa! Lakini mimi naona sheria ile imehifadhi kitu cha sanaa ya zamani. Funakoshi Gichin, mwalimu mwingine wa shule, aliyeileta karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, alifundisha kwamba katika karate hakuna kuanza kupiga, wala hakupenda mashindano. Nguvu ya kuzuia mkono wako mwenyewe aliihesabu kuwa kubwa kuliko nguvu ya kuupeleka. Katika shindano lile nguvu hiyo ilipopungukiwa, waamuzi waliiadhibu. Simlaumu Hamedi, maana jambo lile lilitendeka katika nukta moja, naye aliipokea nishani yake ya fedha kwa adabu. Nasema tu kwamba pale mlinzi wa kipimo alikuwa mwamuzi, na katika habari ya Geesink mlinzi alikuwa Geesink mwenyewe.

Basi hili ndilo jibu langu. Katika mchezo wa mapigano, sheria hukaa nje ya mtu. Imeandikwa, ina mipaka ya mahali na ya saa, na ina mwamuzi wa kuilinda. Ndiyo sababu mchezo waweza kuwa wa haki hata baina ya watu wasiopendana. Katika sanaa ya mapigano, sheria inatakiwa kuhamia ndani ya mtu, ikae naye njiani, nyumbani na kisimani, mahali pasipo mchanga wala mwamuzi. Mchezo hukoma mwamuzi anaposema basi. Sanaa huanza kupimwa pale pale. Kwa hiyo mambo haya mawili yaweza kukaa katika chumba kimoja, katika mtupo mmoja, hata katika mtu mmoja, nasi hatuwezi kujua lipi ni lipi kwa kutazama mikono yake. Tutajua atakapotoka nje.

Tena kila moja lamhitaji mwenziwe. Sheria ya ndani isiyojaribiwa mbele ya mpinzani wa kweli hugeuka majivuno, na ikitiwa mkononi mwa wakubwa wabaya hugeuka utii wa kipofu. Sheria ya nje peke yake hulinda uwanja tu.

Sasa narudi kwa mzee. Baada ya majuma kadhaa nilikwenda kwake, nikamwambia, "Baba, uliniuliza swali. Nalikuwa nikiwafundisha mchezo, nikidhani nawafundisha zaidi ya mchezo. Kosa ni langu." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na yule kijana?" Nikamwambia kwamba tangu siku ile kijana amekuwa akiwatekea maji nyumbani kwao kila asubuhi. Mzee akacheka, akasema, "Hilo nalijua, Mwalimu. Nauliza kama bado unamfundisha."

Wenzangu wengine walitaka nimfukuze katika kundi. Nilikataa, maana kumfukuza ni kumrudishia ngwara yake bila kitu cha kuizuia. Sikuongeza sheria hata moja. Nilibadili mambo mawili tu. Kwanza, yeyote amwangushaye mwenzake lazima amshike mkono mpaka afike chini, na akimwacha aanguke vibaya, ushindi wake si kitu. Pili, siku nyingine naondoka uwanjani katikati ya mafunzo, nawaacha bila mwamuzi, kisha nauliza yaliyotokea. Mwanzoni waliniletea mashtaka tele. Siku hizi huniambia wenyewe makosa yao, wala si yote, nadhani.

Je, yule kijana akisukumwa tena kisimani atafanyaje? Siwezi kuapa. Samaki mkunje angali mbichi, nami nilianza kumkunja amekwisha kukauka kidogo. Lakini mwaka uliofuata nilimwona akimfundisha mtoto yule yule, ambaye mtulinga wake ulikuwa umepona, namna ya kuanguka bila kuumia. Alikuwa amemshika mkono wa shati, akimteremsha polepole mchangani. Hapakuwa na mtu wa kuwatazama, wala hawakujua kama mimi nipo.

Wenzangu walimu, haya ndiyo niliyoyaona. Ikiwa mmoja wenu ameliona jambo hili kwa njia nyingine, na aandike, tupate kufundishana.